Mistari minne na simu haitoki

Abiria wa meli ya Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, wana lalamiko lao la siku zote. Simu inaonyesha mtandao umejaa, mistari yote minne, na bado haitoki. Unapiga, inakaa kimya, kisha inakata yenyewe. Meseji ya WhatsApp inabaki na kisaa. Baadaye, mistari ikiwa imebaki miwili tu, meseji zote zinaingia kwa mpigo. Watu wengi wameshahitimisha kwamba kampuni za simu zinachora mistari ya uongo. Kazi yangu ni kupima mtandao. Nazunguka na kompyuta na simu za majaribio Mwanza, Sengerema, Geita na visiwani, na kila nikitoa vifaa vyangu mbele ya watu naulizwa swali hilohilo. Jibu lake haliishi kwenye mazungumzo ya kusimama melini, ndiyo maana nimeamua kulikalia na kuliandika.

Mistari ile haidanganyi. Inakuambia simu yako inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani, basi. Haikuambii kama mnara nao unakusikia wewe. Haikuambii kama mnara uliokuwa ukikuhudumia umeshakukabidhi kwa mwingine, au bado umekung'ang'ania wakati umeshatoka kwenye eneo lake. Simu kutoka au kutotoka kunaamuliwa na hayo mawili, na juu ya maji yote mawili yanaharibika kwa namna ambayo mtu wa nchi kavu haioni.

Wazo lenyewe la minara kupokezana simu lina umri. Mwaka 1947 Douglas Ring wa maabara za Bell Labs kule Marekani aliandika pendekezo la kugawa eneo vipande vidogovidogo, kila kipande na mnara wake, ili masafa yaleyale ya redio yatumike tena na tena mahali pengine. Teknolojia ya siku hizo haikuweza kulibeba, na ugumu mmoja ulikuwa huu: mtu akiwa katikati ya maongezi akatoka kipande kimoja akaingia kingine, nani anamhamisha, na anamhamishaje bila kukata? Mwaka 1972 Amos Joel wa maabara hizohizo alipewa hataza ya mfumo wa kufanya uhamisho huo. Oktoba 1983 mji wa Chicago ukaanza kuwa na mtandao wa kibiashara wa aina hiyo. Kizazi kimeondoka kingine kimekuja, tumefika 5G, na kazi aliyoishughulikia Joel ndiyo hiyohiyo inayomsumbua abiria wa Nansio. Mafundi tunaiita hendova.

Kila kizazi kina tabia yake. Kwenye 2G simu inauachia mnara wa zamani ndipo inaushika mpya. 3G ilileta utaratibu mwingine: simu inaongea na minara miwili au mitatu kwa pamoja, na inauacha mmoja pale tu unapofifia. Ni kama kushuka mtumbwini pale mwaloni, mguu mmoja umeshakanyaga jiwe na mwingine bado uko chomboni. 4G ikarudi kwenye kuruka moja kwa moja. Kushika minara mingi kwa wakati mmoja kunakula nafasi ya hewani ambayo ingewafaa wateja wengine, na kwa data kuna namna ya kufidia: pakiti, yaani vipande vya data, zilizokuwa zimeshafika mnara wa zamani zinasukumwa kwenda mnara mpya ili zisipotee. Mambo yakienda sawa mkato wote ni milisekunde makumi machache. Sikio haliupati.

Kuna jambo hapa ambalo naona halisifiwi inavyostahili. Wakati haya yote yanafanyika, anwani ya intaneti ya simu yako haibadiliki. Imeshikiliwa kwenye geti la mtandao lililo mbali na mnara, na minara inayopokezana ni njia tu ya kukufikisha kwenye geti hilo. Ukipanda daladala Kirumba kwenda Buhongwa huku unaongea na ndugu kwa WhatsApp, njia inabadilishwa chini yako mara kadhaa, na huyo unayeongea naye wala simu yake haijui kwamba umesogea. Mimi ni fundi wa kazi hii na bado naiona ni kazi nzuri sana ya akili za watu.

Sasa uamuzi wa kuhama unafanyikaje? Mnara unaipa simu masharti mapema. Sharti linalotumika zaidi kwenye 4G linaitwa tukio A3: ukiona mnara jirani umeuzidi wa kwako kwa kiasi fulani, tuseme desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), na hali hiyo ikadumu kwa muda fulani, tuseme milisekunde 320, niambie. Simu inatuma taarifa, mnara unaoihudumia unaongea na jirani, jirani anaandaa nafasi, amri inashuka: hamia kule. Namba hizo mbili, kiasi cha ziada na muda wa kusubiri, ndizo zinazotulaza macho. Viwango vya 3GPP, shirikisho linaloandika viwango vya simu duniani, vinaruhusu muda huo uanzie sifuri hadi milisekunde 5120. Ukiuweka mfupi mno, simu inapigwa danadana kati ya minara miwili na kila danadana ni nafasi ya kukatika. Ukiuweka mrefu mno, simu inachelewa kuondoka, mnara wa zamani unazama kabla amri haijashuka, na maongezi yanakufa.

Mjini Mwanza mawe yanatusaidia. Ukizunguka mlima kuelekea Bugando, au ukipinda Capri Point, mnara uliokuwa nyuma yako unazibwa na jabali na wa mbele unajitokeza. Mshindi anajulikana, amri inashuka, unahama. Ndiyo maana mji huu wenye milima mingi, ambao mgeni angedhani ni balaa kwa mtandao, una hendova safi kuliko baadhi ya miji ya tambarare niliyopima. Majabali yanaficha minara isiyokuhusu.

Ukitoka bandarini, hakuna tena cha kuficha kitu.

Tuanze na umbali. Mawimbi ya redio yanapinda kidogo kufuata mgongo wa dunia, na kuna hesabu rahisi ya upeo wake: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena iliyo mlimani mita 100 juu ya ziwa ina upeo wa kilomita 41. Simu iliyoshikwa mita 2 juu ya maji inaongeza kama 6. Jumla karibu kilomita 47 bila jengo, mti wala mlima wa kupunguza nguvu. Nchi kavu mnara huohuo ungehudumia kilomita chache ukachoka. Ziwani unasikika mpaka upeo wa macho.

Kusikika huko ndiko kunakotuponza. Kwenye 2G watu wanane wanatumia wimbi moja kwa zamu, kila mmoja na nafasi yake ya mikrosekunde 577. Aliye mbali, sauti yake inachelewa njiani, na ikichelewa itaingia kwenye zamu ya mwenzake. Kwa hiyo mnara unaiambia simu ianze kutuma mapema kidogo kulingana na umbali. Kipimo cha kuwahi huko kina hatua kuanzia 0 hadi 63, kila hatua ni kama mita 550. Zidisha: kilomita 35. Baada ya hapo mnara hauna tena namba ya kukupa. Unausikia, pengine kwa nguvu kabisa, lakini wenyewe hauwezi kukupokea. Kuna njia ya kuuongezea mnara umbali, ukampa kila mteja nafasi mbili badala ya moja, ukafika hata zaidi ya kilomita 100, ila hapo umepunguza nusu ya watu unaoweza kuwahudumia, na mwenye mnara lazima aamue kwamba watu wa majini wana thamani hiyo.

4G ni kali zaidi, na kikwazo chake kimejificha. Simu inapotaka kuingia kwenye mnara inabisha hodi kwa alama maalumu, na alama hiyo ina miundo kadhaa. Muundo wa kawaida, namba 0, umepangwa kwa mnara wenye eneo la kilomita 14 hivi. Ipo miundo mingine inayofika kilomita 77 na 100, lakini inakula muda mwingi zaidi hewani, kwa hiyo mnara wa mjini unawekewa wa kawaida na hilo ni sahihi kabisa kwa mji. Shida inakuja pale sekta moja ya mnara huohuo, yaani upande mmoja wa antena zake, inapotazama ziwa. Simu ya abiria aliye kilomita 20 majini inausikia vizuri, inaambiwa hamia hapo, inabisha hodi, haisikiki. Inabisha tena. Saa ndani ya simu, inayoitwa T304, inahesabu, ikiisha uhamisho unahesabiwa umeshindikana. Simu inaanza kutafuta upya, na kwa kuwa bado inausikia mnara uleule kwa nguvu, inaweza kuurudia. Mwenye simu anaona mistari minne.

Nahodha mmoja wa mtumbwi wa dagaa aliniambia jambo hili kabla sijalipima. Tulikuwa mwaloni, upande wa Buchosa, watu wake wanakagua taa za sola za usiku huo. Alitoa simu mbili mfukoni. "Fundi, hiki kitochi changu kinashika mpaka tunapotegea kule mbele. Hii ya kupangusa aliyoninunulia mwanangu, tukipita tu kisiwa kile imekufa. Na hii ndiyo ya bei. Sasa niambie, ubaya uko wapi?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, ubaya hauko kwenye simu. Hiyo ya kupangusa inaisikia 4G, na imeelekezwa ikiisikia 4G isishuke chini. Kitochi hakijui 4G, kimetulia kwenye 2G ambayo bado inakusikia."

"Kwa hiyo nikiiamuru ikae kama kitochi?"

Ndivyo. Tuliingia kwenye mipangilio ya ile simu, tukaizuia isitafute 4G, ibaki 2G pekee. Usiku huo alipiga kutoka majini. Mtu anayevua kwenye giza la mwezi, ambaye tajiri wake anasubiri kujua kama dagaa zimepatikana ili aseme gari lije au lisije, simu kutoka au kutotoka ni hela ya wiki. Upepo ukibadilika, ni zaidi ya hela.

Tatizo la pili la majini ni wingi wa minara inayolingana. Nikiwa melini, katikati ya Mwanza na Ukerewe, skrini ya simu yangu ya majaribio iliwahi kunionyesha minara minne ya kampuni moja: hasi 98, hasi 97, hasi 99, hasi 99 (kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi). Hakuna hata mmoja aliyemzidi mwenzake kwa desibeli 3. Meli ikiyumba kidogo, au mtu mnene akisimama kati yangu na dirisha, mpangilio unabadilika: wa tatu anakuwa wa kwanza. Mnara unaokuhudumia unaumizwa na kelele za wengine watatu, kwa sababu wote wanatumia masafa yaleyale, na bado masharti ya kuhama hayajatimia. Ziwa likitulia hali inakuwa mbaya zaidi mahali pengine, kwa sababu maji tulivu yanaakisi wimbi kama kioo, na wimbi lililoakisiwa likikutana na lililokuja moja kwa moja yanaweza kuuana. Nimeona nguvu ikidondoka na kupanda tena kwa mwendo mfupi wa chombo, bila kitu chochote mbele yetu.

La tatu halijulikani hata kwa mafundi wengi, na ndilo lililonifanya nilipende ziwa hili kama darasa. Kila kipande cha 4G kina namba fupi ya utambulisho, na namba hizo ziko 504 tu. Mtandao wa nchi una vipande vingi kuliko hivyo, kwa hiyo namba zinarudiwa. Mpangaji anahakikisha wenye namba moja wako mbali, milima iko katikati, hawatasikika pamoja. Hesabu hiyo ni ya nchi kavu. Juu ya maji simu inaweza kuripoti kwamba jirani namba fulani ana nguvu, mnara ukaangalia orodha yake ya majirani, ukaona namba hiyo, ukaandaa nafasi kwake. Kumbe aliyesikika ni mwingine, mwenye namba hiyohiyo, ng'ambo ya ghuba. Nafasi imeandaliwa kwa mtu ambaye simu haimsikii, na simu inabisha hodi kwa mtu ambaye hana habari nayo.

Orodha hiyo ya majirani ndiyo mahali ambapo, kwa maoni yangu, ziwa linadhulumiwa waziwazi. 4G ina uwezo wa kujitengenezea orodha: simu ikiripoti jirani asiyejulikana, mnara unaiagiza isome utambulisho kamili, halafu unamwongeza. Vizuri sana. Lakini orodha haiwezi kukua bila mwisho, hivyo programu za usimamizi zinafagia majirani wasiotumika. Fikiria mnara wa Mwanza unaotazama ziwa. Kwa siku unafanya hendova maelfu na majirani zake wa mtaani. Na mnara wa kisiwani, labda chache, meli inapopita. Programu inaona jirani asiye na kazi, inamfuta. Kesho yake meli inapita, simu inalia kwamba inamsikia jirani, mnara unasema simjui.

Ripoti ya mwisho wa mwezi haitaonyesha kitu. Tuseme mnara umefanya hendova 10,000 na 9,950 zimefaulu. Hiyo ni asilimia 99.5, rangi ya kijani, fundi anapongezwa. Zile 50 zilizoshindwa zinaweza kuwa zote ni za watu walewale, wa meli ileile, wa mitumbwi ileile, ambao kwao kushindwa ni asilimia 100. Nimekaa kwenye vikao ambako nikionyesha ramani ya hitilafu hizi naambiwa ni chache, zisitupotezee muda. Uchache huo unatokana na kuwachanganya na watu wa mjini. Ukiwatenga wanaonekana.

Na hata tunavyojisifu kwa kufikisha huduma, tunahesabu wanakolala watu. Asilimia ya watu waliofikiwa na mtandao inapigwa kwa makazi: kijiji fulani kina kaya kadhaa, mnara upo, weka alama. Ziwa halina kaya. Kilomita za mraba karibu 68,800, na karibu nusu yake ni ya Tanzania, kwenye hesabu hiyo ni sifuri. Lakini usiku wowote wa giza simama kwenye kilima chochote cha Ukerewe utazame kaskazini. Taa za dagaa zinakuwa mji mzima juu ya maji. Watu hao wana laini, wamesajiliwa kwa alama za vidole kama wengine, wananunua vocha na bando kama wengine.

Hadi hapa nimeongelea simu iliyo kwenye maongezi. Iliyo kimya mfukoni nayo ina mambo yake. Simu ikiwa imetulia mtandao haujui uko mnara gani; unajua tu eneo, yaani kundi la minara. Ukipigiwa, minara yote ya eneo hilo inaita kwa pamoja, nawe unaitika kupitia ule ulioko karibu. Ukivuka kwenda eneo jingine, simu inatakiwa ijiandikishe upya. Kivuko kinachopita mpakani mwa maeneo mawili kina simu zinazojiandikisha huku, zikarudi kule, zikarudi tena huku, kwa sababu ya minara ile inayolingana. Simu inayoshindwa kujiandikisha kwa sababu hodi yake haisikiki inaitwa kwenye eneo ambalo haipo tena. Mama yako yuko melini, simu yake iko wazi, ina chaji, ina mistari, na wewe unaambiwa namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Betri nayo inakwenda, maana kila kujiandikisha ni kutuma kwa nguvu zote.

Kaskazini zaidi kuna mpaka wa nchi. Tanzania na Uganda zimepakana majini kwenye mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta, na Bukoba iko kama kilomita 37 tu kusini ya mstari huo. Upande wa Rorya ni Kenya. Meseji ya kukukaribisha Uganda ukiwa bado kwenye maji ya Tanzania si jambo la ajabu. Kinachowaudhi watu ni kwamba wakirudi karibu na nyumbani simu bado inang'ang'ania ugenini. Sababu iko kwenye kanuni za 3GPP: simu iliyo kwenye mtandao wa nje inatafuta mitandao yenye kipaumbele kwake ndani ya nchi ile inayoihudumia wakati huo. Simu imeshaamini iko Uganda, kwa hiyo haihangaiki kutafuta mtandao wa Tanzania mpaka wa Uganda upotee kabisa. Na wa Uganda, juu ya maji, haupotei upesi. Washa hali ya ndege, subiri kidogo, izime. Au ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wako mwenyewe. Data ya ugenini izimwe kabla hujapanda chombo. Hatua za kupunguza makali ya mpaka ziliwahi kuanzia ziwa hilihili: mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akivuka atumie laini yake kama yuko nyumbani. Hiyo ilishughulika na bei. Hendova kati ya mtandao wa nchi moja na nyingine ni mkataba mwingine kabisa, na mara nyingi haupo. Maongezi yanakatika, simu inaanza moja.

Daraja la Kigongo na Busisi nitalipitia haraka kwa sababu ni habari njema. Tangu lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za Ghuba ya Mwanza zilizokuwa za foleni na kivuko zinavukwa kwa dakika mbili na robo ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Wengi wangedhani mwendo ndio unaoiumiza simu. Kwa mwendo huo, milisekunde 320 za kusubiri ni mita 7 tu za barabara, hakuna tatizo. Cha kuangalia ni mpaka wa yale maeneo ya kujiandikisha usianguke katikati ya daraja, kwa sababu basi lililojaa linavuka na simu zote zinajiandikisha kwa sekunde moja. Daraja lina bahati: linaonekana, lina magari, kila kampuni itataka lipimwe vizuri.

Kwa ziwa lenyewe, mambo ya kufanya yanajulikana na mengine hayahitaji hata kujenga mnara. Sekta zinazotazama maji zitengwe, ziwe na namba zake na ripoti zake, zisichanganywe na za mtaani. Ziwekewe muundo wa hodi wa masafa marefu. Majirani wa ng'ambo waandikwe kwa mkono na kulindwa wasifutwe. Namba zile 504 zipangwe kwa kutazama upeo wa maji, na antena za mjini zisizohusika na ziwa ziinamishwe zisimwage mawimbi huko. Masafa ya chini, ya MHz 700 au 800, yapelekwe pwani ya ziwa kwanza kwa sababu yanafika mbali kwa minara michache, na minara ikiwa michache kelele zinadhibitika. Kuna kitu kilichokuja na toleo la 16 la 3GPP mwaka 2020 ambacho nakitamani sana huku: mnara unaandaa majirani kadhaa kabla ya haja, simu inapewa amri zote mfukoni na masharti yake, na hali ikibadilika inahama yenyewe bila kusubiri ruhusa kutoka kwa mnara unaozama. Kimeandikwa kwa ajili ya 5G na 4G pia. Kitachelewa kufika kisiwa cha Ukara, lakini sijaona mahali panapokihitaji kuliko hapa.

Watu waliwahi kuliona hili mapema. Mwaka 2009 kampuni ya simu ya Zain, watengeneza mitambo Ericsson, na GSMA, umoja wa kampuni za simu, walitangaza mradi wa kusukuma mtandao hadi kilomita 20 ndani ya Ziwa Victoria kwa ajili ya usalama wa wavuvi. Ulikuwa wakati wa 2G, na hesabu zake zilianza na mahali mtu anapotegea nyavu. Tulivyohamia 3G na 4G tukarudi kuhesabu kaya. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kisheria tangu 2006 kwa ajili ya maeneo yasiyolipa kibiashara, na ningependa zabuni zake ziandike njia za meli na maeneo ya uvuvi kama zinavyoandika majina ya kata. Mkandarasi akishamaliza kazi apimwe akiwa majini, usiku, chombo kikitembea, simu ikiwa kwenye maongezi.

Wakati tunasubiri, unayesafiri majini fanya hivi. Kama simu yako ina laini mbili za kampuni tofauti, iweke moja kwenye 2G kabla ya kuondoka bandarini na usiiguse. Kama unakwenda kuvua, beba kitochi kilichojaa chaji hata kama una simu ya kupangusa. Ukihitaji msaada na laini yako imekataa, piga 112: kwa simu ya dharura, viwango vinairuhusu simu itumie mtandao wa kampuni yoyote inayosikika, hata kama si yako. Ikishindikana mara ya kwanza, sogea upande mwingine wa chombo, simama juu kadiri unavyoweza, upige tena. Pale mnara wa pili ulipokuwa umezibwa na ubavu wa chombo au miili ya watu, hatua chache zinaweza kutosha simu yako kumpata anayekusikia.